Bibi Arusi Mtoto: Sheria na Tamthilia Nchini India

Mwaka 1884 Rukhmabai, aliyeozwa akiwa na umri wa miaka 11, alishtakiwa mjini Bombay kwa kukataa kuishi na mumewe. Mwaka 1887 mahakama ilimwamuru aende kwa mume au afungwe miezi sita. Akasema jela ni afadhali. Shauri lilimalizwa kwa fedha mwaka 1888, naye akaenda London kusomea udaktari.

Sheria zilifuata polepole. Ile ya 1929 iliweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa msichana kuolewa. Mwaka 1978 ukapandishwa hadi 18. Hata hivyo, uchunguzi wa kitaifa wa 2005–2006 ulionesha kwamba asilimia 47 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka hiyo 18. Sheria ilikuwa imefika mahakamani, haijaingia uani.

Julai 2008 ilianza tamthilia ya televisheni Balika Vadhu, yaani Bibi Arusi Mtoto, iliyoendelea hadi 2016. Anandi, mwenye miaka minane, anaozwa Jagdish katika kijiji cha Rajasthan. Ubora wa kisa ni kwamba dhuluma haikutwikwa mtu mmoja. Nyanya wa Jagdish, mlinzi mkali wa mila, naye aliozwa akiwa mtoto: aliyeumizwa jana ndiye anayeumiza leo, akidhani analea. Sheria hutazama siku ya harusi. Tamthilia ilionesha yafuatayo baadaye: masomo yaliyokatizwa, ujane wa mapema, na binti maskini kuozwa mtu mzima kwa ajili ya fedha.

Wapo waliolalamika kwamba mavazi na mapambo yaliipamba pia mila yenyewe. Hofu hiyo haikuwa bure. Mwaka 2017 tamthilia nyingine, Pehredaar Piya Ki, ilimwoza mvulana wa miaka tisa kwa mwanamke wa miaka 18. Watazamaji wakapinga, nayo ikaondolewa kabla ya kutimiza miezi miwili.

Kufikia 2019–2021 kiwango kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 23. Haifai kuipa tamthilia sifa ambayo shule na sheria zinastahiki kushiriki. Lakini Rukhmabai alisikiwa na mahakimu na wasoma magazeti. Anandi alisikiwa sebuleni, mbele ya wazee wale wale wanaoamua binti aozwe lini.