Kamiriithu: Historia ya Kundi, Jukwaa na Matini

Katika uhakiki wa drama ya Kenya, Kamiriithu aghalabu hutajwa kama sura moja ya maisha ya Ngũgĩ wa Thiong'o. Makala haya yanashikilia kwamba mtazamo huo unaificha historia ya kundi lenyewe pamoja na funzo lake kwa wahakiki.

Kamiriithu, huko Limuru, ni kijiji kilichotokana na Hali ya Hatari ya miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ilipowahamishia watu vijijini kwa nguvu. Mwaka 1976 wakazi walianzisha kituo cha elimu na utamaduni, kazi yake ya kwanza ikiwa kisomo cha watu wazima. Mchezo ulichipuka kutoka katika kisomo hicho. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii waliandika rasimu ya *Ngaahika Ndeenda* kwa Kigikuyu, naye Kimani Gecau akaongoza. Waigizaji walikuwa wakulima wadogo, vibarua na wafanyakazi wa viwandani. Mazoezi yalifanywa hadharani, na wazee wakasahihisha lugha iliyowekwa vinywani mwa wahusika wa rika lao. Wanajamii walijijengea jukwaa la wazi lililoweza kuchukua watazamaji zaidi ya 2,000.

Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977 na kupigwa marufuku tarehe 16 Novemba. Mwishoni mwa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o alitiwa kizuizini bila kushtakiwa, akakaa humo takriban mwaka mmoja. Mwaka 1982 kundi lilifanya mazoezi ya *Maitũ Njugĩra* katika Chuo Kikuu cha Nairobi, likafungiwa milango ya Jumba la Kitaifa la Michezo ya Kuigiza. Machi mwaka huohuo usajili wa kituo ulifutwa na polisi wakalibomoa jukwaa.

Je, dola iliogopa maneno ya mwandishi? Ushahidi haukubaliani na dai hilo. *Petals of Blood*, riwaya inayolishutumu tabaka lilelile, ilizinduliwa Julai 1977 na Mwai Kibaki, aliyekuwa Waziri wa Fedha. Matini ya *Ngaahika Ndeenda* yenyewe ilichapishwa mwaka 1980, jukwaa likiwa bado limenyamazishwa. Kitabu kiliachwa kisomwe. Kilichozimwa ni mkusanyiko wa watu waliokuwa wakitunga, wakiigiza na kujadili maisha yao kwa lugha yao.

Hapana budi basi kuuhoji ufundishaji wetu. Tunapotahini ploti na wahusika wa tamthilia hii pasipo kulitaja kundi, tunahifadhi kile ambacho hata dola haikuona haja ya kukiharibu. Mchezo uliporejeshwa jukwaani jijini Nairobi mwaka 2022, ilirejea matini. Kundi la Kamiriithu halikurejea, na ni jukumu la historia ya fasihi kulipa nafasi yake.