Moto Husomwa Ungali Unawaka

Kuchambua vipimo jaribio likiwa bado linaendelea huhesabiwa kuwa zao la kompyuta. Historia ya chuma magharibi mwa Ziwa Victoria inaonyesha kwamba haja hiyo ni ya zamani zaidi. Karagwe, ufalme ambao ardhi yake leo imegawanyika kati ya wilaya za Karagwe na Kyerwa, ulikifanya chuma kuwa nguzo ya utawala: wasafiri wa Kizungu Speke na Grant walipofika kwa Mukama (mfalme) Rumanika mwaka 1861, nyundo na sanamu za ng'ombe za chuma zilikuwa miongoni mwa alama za enzi. Chuma hicho kilitoka katika kazi isiyosamehe uzembe. Mivukuto ikilegea joto hushuka, mavi ya chuma, yaani taka za mtapo zilizoyeyuka, hayatiririki, na chuma hubaki kimenaswa ndani yake. Tanuri likishapoa, mtapo na makaa vimekwisha kuliwa. Kwa hiyo fundi alilazimika kuamua moto ungali unawaka, akiongozwa na rangi ya ndimi zake, mlio wa upepo na jinsi mavi yanavyoshuka.

Ushahidi wa karibu umetoka kwa majirani wa Karagwe, Buhaya. Katika miaka ya 1970 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliwaomba wazee waliokwisha kuiacha kazi hiyo wajenge tanuri upya. Shimo lilijazwa matete ya bwawani yaliyochomwa, mirija ya udongo ikapenyezwa hadi ndani ya moto, na joto likapimwa kwa vifaa vya kisasa. Mwaka 1978, katika jarida la Science, wawili hao walidai kuwa hewa ilipashwa moto ndani ya mirija kabla ya kufika kwenye makaa. Mwaka 1986 mtafiti mwingine, J. E. Rehder, aliyapinga maelezo hayo. Tanuri ni lile lile, tafsiri mbili. Na moto ulikuwa umezimika zamani, hata kipimajoto kisingeweza tena kusogezwa ili kuwaamua.

Mtu atasema Buhaya si Karagwe. Ni kweli, na mbinu za Buhaya haziwezi kuhamishiwa Karagwe bila ushahidi. Lakini hoja hapa si umbo la tanuri, ni ulazima wa kuamua kwa wakati, na huo unamkabili yeyote anayeyeyusha chuma. Mwingine atasema wazee walifuata mila, si vipimo. Miiko ilikuwepo kweli, ila mwiko haumwambii mvukutaji lini aongeze kasi. Pingamizi zito zaidi ni kwamba fundi hakuacha rekodi: usomaji wake ulizikwa pamoja naye.

Hapo ndipo programu ya leo ya kompyuta, inayochambua vipimo jaribio likiendelea, inapostahili sifa. Inachora mchoro wa joto papo hapo na kuuhifadhi kwa atakayebisha kesho. Hata hivyo haichagui mahali pa kuweka kipimajoto wala swali la kuuliza. Maabara inayonunua programu bila kumfunza mtu wa kuamua kazi ikiendelea itapata kumbukumbu nzuri za majaribio yaliyoharibika.