Shauri la Kurudia Mtihani
Katika zama za CPE, mtihani uliohitimisha darasa la saba nchini Kenya kabla ya mwaka 1985, aghalabu hapakuwa na shauri zito katika nyumba za Amalemba, mjini Kakamega, kuliko hili: mtoto aliyekosa nafasi ya sekondari arudie darasa, ama atafutiwe kazi? Alama za juu kabisa zilikuwa 36, yaani 12 kwa kila karatasi. Na maadamu shule za serikali, mfano wa ile ya Kakamega iliyoasisiwa mwaka 1932, zilikuwa chache mno kuliko watahiniwa, alama mbili tatu zilitosha kutenganisha ndugu na ndugu.

Aliyeazimia kurudia alipelekwa shule nyingine, kwa shangazi au mjomba, pengine kwa jina jipya, kwani serikali haikuwaridhia warudiaji. Akaketi tena na penseli yake, akitia weusi visanduku vya majibu. (Wapo wazee leo ambao jina la cheti silo waliloitwa na nyanya zao.) Kwa wasichana shauri hilo halikuwa na insafu hata kidogo: fedha zilipokuwa haba, kaka ndiye aliyerudia. Mtihani wa KCPE ulipoingia badala ya CPE mwaka 1985 pamoja na mfumo wa elimu wa 8-4-4, warudiaji hawakukoma. Walihamia darasa la nane.