Swali la Mzulu Lililotikisa Kanisa la Uingereza

Wasee, kama umekulia kanisani Kenya hii, lazima umewahi kuambiwa: "Wewe amini tu, wacha maswali mingi." Ukiuliza kuhusu Nuhu kwa darasa la kipaimara, unaonekana umeanza kupotea. Kuna stori moja ya hapa hapa Afrika ambayo ingefaa kusomwa kwa hayo madarasa.

Mwaka wa 1853, Mwingereza anaitwa John William Colenso alifanywa askofu wa Kianglikana wa Natal, Afrika Kusini. Jamaa alikuwa mtu wa hesabu. Alisoma Cambridge, na vitabu vyake vya hesabu vilitumika sana shuleni Uingereza. Alijifunza Kizulu, akaandika kamusi na sarufi yake, kisha akaanza kutafsiri Biblia. Lakini hakuwa peke yake mezani. Kando yake alikaa Mkristo Mzulu, William Ngidi.

Sasa, kutafsiri hakukuruhusu kuruka mstari kama ule unaorukwa kwa mahubiri. Walipofika kwa gharika, Ngidi akauliza: hivi haya yote yalitokea kweli? Wanyama wote, wa nchi za joto na za baridi, walikuja wawili wawili hadi kwa safina? Na Nuhu aliwatafutia wote chakula, hata wale wanaokula wenzao?

Angalia vizuri, huyu hakuwa mpinzani wa dini. Alikuwa Mkristo anayesaidia kuipeleka Biblia kwa watu wake, na alitaka kujua anawapelekea nini.

Colenso angeweza kumtuliza na maneno matamu. Lakini alikuwa amesoma jiolojia, na alijua gharika ya dunia nzima haikubaliki na ushahidi wa mawe. Baadaye aliandika kwamba ilibidi ajiulize kama mtu anaruhusiwa kusema uongo kwa jina la Bwana. Akaanza kupitia vitabu vya Musa na kalamu mkononi. Mfano: Kutoka inasema wanaume 600,000 walitoka Misri, mbali na watoto. Ukiongeza wanawake na watoto, Colenso alisema unafika kama milioni mbili. Watu wote hao wangekusanyikaje mlangoni pa hema ambalo ua wake ni dhiraa 100 kwa 50? Piga hesabu mwenyewe.

Kitabu kilianza kutoka mwaka wa 1862, na moto ukawaka. Waingereza walimcheka, eti askofu alienda kumwongoa Mzulu, Mzulu akamwongoa yeye. Sikia dharau iliyo hapo ndani: kilichowauma si swali tu, ni nani aliyeuliza. Mwaka wa 1863 Askofu Robert Gray wa Cape Town alimhukumu kuwa mzushi, akamvua cheo. Colenso akakata rufaa London, na mwaka wa 1865 ikaamuliwa kwamba Gray hakuwa na mamlaka hayo. Ugomvi huo ni sababu moja kubwa ya maaskofu wa Kianglikana kuitwa pamoja Lambeth mwaka wa 1867, kwa mara ya kwanza.

Tuwe wakweli, waliompinga hawakuwa wajinga wote. Wengine walisema anasoma Mwanzo kama daftari la duka. Hiyo ni hoja nzuri. Tena Origen wa Alexandria, Misri, katika karne ya 3, alikuwa ameshauliza siku za kwanza za uumbaji zilipimwaje kama jua halikuwa limeumbwa, akasema maandiko mengine yana maana ya ndani kuliko maneno yenyewe. Lakini hata hiyo ni kufikiri. Inamjibu Ngidi, haimnyamazishi.

Kinachonigusa zaidi ni kilichofuata. Mwaka wa 1873 serikali ya kikoloni ilimkamata Langalibalele, chifu wa Wahlubi, baada ya mvutano kuhusu kuandikisha bunduki. Alihukumiwa kwa kesi ya ovyo, akapelekwa Robben Island. Colenso alikusanya ushahidi, akahoji mashahidi, akaenda nao hadi London, ingawa ilimharibia urafiki na wakubwa wa Natal. Mtu aliyekataa kumeza hesabu za Kutoka bila kuzipima hangemeza taarifa ya serikali vivyo hivyo. Hiyo tabia ni moja.

Ndiyo maana "amini tu" inaniogopesha. Kijana aliyefundishwa kutouliza kuhusu safina, atauliza nini mhubiri akitaka pesa za muujiza? Hapa kwetu tulizika watu wengi wa Shakahola mwaka wa 2023, walioamini kwamba kufunga hadi kufa ni njia ya kumwona Yesu.

Kuuliza si ujinga, wazee wetu walishasema. Na wewe unayeongoza vijana, ukiulizwa usichokijua, sema tu hujui, halafu mfungue kitabu pamoja. Ngidi alipata mtu wa kukaa naye mezani. Wengi wetu hatujampata.

Wewe uliwahi kuuliza swali gani kanisani, na ulijibiwaje?