Mbwa wa Polisi na Ubao wa Dama: Filamu za Hali Halisi katika Kufundisha Historia ya Ubaguzi

Mwalimu wa historia atakaye kuwaeleza wanafunzi wake ubaguzi wa rangi ulivyokuwa kusini mwa Marekani ana hazina kubwa ya filamu za hali halisi. Mojawapo iliyo mashuhuri ni Eyes on the Prize, iliyotengenezwa na Henry Hampton. Sehemu zake 6 za kwanza, zinazohusu miaka ya 1954 hadi 1965, zilionyeshwa katika televisheni ya Marekani mwaka 1987. Nyingine 8 zikafuata mwaka 1990. Hapana shaka kwamba saa moja ya filamu kama hiyo huweza kufanya kazi ambayo mihadhara mingi haiiwezi. Lakini swali ambalo makala haya yanakusudia kulijadili ni hili: filamu humfunulia mwanafunzi nini, na humfichia nini?

Tuchukue mfano wa mji wa Birmingham, jimbo la Alabama. Mwezi wa Mei 1963, mamia ya watoto wa shule walitoka kanisani wakaandamana kupinga ubaguzi. Bull Connor, kamishna aliyesimamia polisi na zimamoto, akaamuru wapigwe kwa maji ya mabomba na kutishwa kwa mbwa. Picha za siku zile zilienea duniani kote. Tarehe 11 Juni Rais Kennedy alilihutubia taifa juu ya haki za raia, na mwaka 1964 ikapitishwa sheria iliyopiga marufuku ubaguzi katika hoteli, migahawa na mahali pengine pa umma. Mwanafunzi aonapo mbwa akimrukia kijana hahitaji kuelezwa zaidi. Hapo ndipo penye hatari. Aweza kutoka darasani akiamini kwamba ubaguzi ni mbwa, na kwamba mbwa walipofungwa, ubaguzi ukaisha.

Hebu tusome sasa sheria za mji huohuo. Zilikataza mtu mweusi na mtu mweupe kucheza pamoja karata, dama au domino. Mgahawa haukuruhusiwa kuwahudumia wote katika chumba kimoja, isipokuwa wametenganishwa kwa ukuta wenye urefu wa futi 7 au zaidi, na kila upande una mlango wake wa barabarani. Msingi wa sheria za namna hii ulikuwa umewekwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1896, ilipokubali kwamba watu waweza kutengwa mradi waambiwe kuwa wako sawa. Ni mwaka 1954 tu ndipo mahakama hiyo ilipoikataa hoja hiyo kuhusu shule. Kwa miaka mingi ukuta ule wa futi 7 ulisimama kimya, na hakuna mpiga picha aliyeujia, kwa sababu hapakuwa na tukio. Kamera hupenda tukio. Ubaguzi, kwa sehemu yake kubwa, ulikuwa desturi.

Lugha yetu yatusaidia hapa. Kitenzi kubagua, kabla ya kuhusishwa na rangi, maana yake ni kutenga, kuweka hiki huku na kile kule. Neno ubaguzi basi halianzii kwenye kipigo. Laanzia kwenye mpaka. Kipigo hufuata pale mtu anapouvuka mpaka huo, au anapodhaniwa kuuvuka. Mwalimu akilifafanua neno hili kabla ya kuwasha mashine, wanafunzi watawatazama mbwa wa Birmingham kama walinzi wa ukuta.

Jambo la pili la kufundisha ni kwamba picha haijileti. Emmett Till, kijana wa miaka 14 kutoka Chicago, aliuawa huko Mississippi mwezi wa Agosti 1955. Mauaji yenyewe hayakupigwa picha. Tunachokiona leo katika filamu twakiona kwa sababu mama yake, Mamie Till, aliamua jeneza libaki wazi, na gazeti la Jet, lililosomwa na Waamerika weusi, likachapisha picha za maiti. Washtakiwa wawili waliachiliwa na baraza la wazee wa mahakama, wote Wazungu, baada ya mashauri ya saa moja na dakika chache. Januari 1956 gazeti la Look likachapisha maungamo yao. Bila uamuzi wa mama yule, filamu zingekosa picha hizo.

Kwa hiyo twapendekeza hatua tatu. Kwanza, wanafunzi wasome sheria kabla ya kuona filamu. Pili, filamu isimamishwe mara kwa mara, waulizwe: nani ameishika kamera, na amesimama upande gani? Tatu, baada ya filamu waandike juu ya yale ambayo hayakuonekana.

Hatua hii ya tatu yatuhusu sisi wa Lubumbashi moja kwa moja. Mji huu, ulipoitwa Elisabethville, ulijengwa kwa mpaka: Wazungu huku, Waafrika kule, na eneo tupu katikati. Desemba 1941 askari waliwafyatulia risasi wafanyakazi wa Union Minière waliogoma wakidai nyongeza ya mshahara. Katika Kongo ya wakati ule kamera za sinema zilikuwa hasa mikononi mwa utawala, makampuni na wamisionari. Mgomo ule ulihifadhiwa kwa njia nyingine: katika miaka ya 1970 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu aliuchora miongoni mwa picha zake za historia ya nchi, akazieleza kwa Kiswahili cha Katanga mbele ya mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyezichapisha mwaka 1996.

Mwanafunzi aliyezoea kuihoji filamu ya Birmingham atajua kuihoji picha ya Tshibumba pia. Na atakapokuta mauaji yasiyo na picha yoyote, hatadhani kwamba hayakutokea. Ataenda kuwauliza wazee, na kuitafuta sheria iliyoweka mpaka.