Tiba ya kiwewe kwa watoto

Tiba ya kiwewe kwa watoto ni matibabu ya mazungumzo, michezo na michoro. Humsaidia mtoto aliyefiwa na mzazi, aliyepigwa, aliyebakwa au aliyeshuhudia vita aelewe yaliyompata, yasiendelee kumtawala.

Wilayani Tandahimba, mkoani Mtwara, haja ya tiba hii imekua tangu mapigano ya Cabo Delgado, Msumbiji, yalipoanza ng'ambo ya Mto Ruvuma, Oktoba 2017. Tarehe 14 Oktoba 2020 wapiganaji walivuka mto wakashambulia kijiji cha Kitaya, mashariki ya wilaya hiyo, wakaua watu na kuchoma nyumba. Baada ya shambulio la mji wa Palma, huko Cabo Delgado, Machi 2021, wakimbizi wengine walikimbilia mpakani. Wazee wa uwanda wa Makonde walikwisha kuona ya namna hiyo wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, 1964 hadi 1974. Lakini kiwewe hakingoji vita: kipigo cha nyumbani chatosha.

Mtoto mwenye kiwewe si lazima alie. Yupo anayerudia kukojoa kitandani akiwa na miaka 9, yupo anayeshtuka mlango ukibamizwa, na yupo anayekaa darasani asisikie lolote. Mara nyingi huitwa mkaidi, akachapwa, na fimbo humwongezea hofu ile ile. Kumwambia asahau nako hakusaidii. Asiyeelezwa hujitungia maelezo yake, na mengi humwangukia yeye mwenyewe: ningekuwepo nyumbani, mama asingekufa.

Njia iliyochunguzwa sana ni ile ya Judith Cohen, Anthony Mannarino na Esther Deblinger wa Marekani. Mtoto huelezwa kwanza kwamba hofu yake ni ya kawaida kwa aliyepatwa na jambo kama hilo. Hufundishwa kupumua taratibu na kutaja anavyojisikia. Ndipo husimulia tukio kipande kwa kipande, akirudia, mpaka aweze kulifikisha mwisho bila kutetemeka. Mlezi naye ana vikao vyake, kwani mtoto hurudi kwake kila jioni.

Njia hiyo ilijaribiwa Moshi, Tanzania, na Bungoma, Kenya, kwa watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Vikao 12 vya kikundi viliendeshwa na watu wa kawaida waliofunzwa kazi hiyo, wala si madaktari wa akili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Mwaka mmoja baada ya tiba, watoto wa Bungoma waliotibiwa walikuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao waliopata huduma za kawaida. Moshi makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu inayolingana. Kwa hiyo tiba hii haileti tofauti ile ile kila mahali. Hata hivyo, jambo kubwa kwa wilaya isiyo na wataalamu wengi ni kwamba mtu wa kijijini aliyefunzwa na kusimamiwa vizuri anaweza kuifanya.

Kaskazini mwa Uganda, vijana waliowahi kutekwa na kufanywa askari walitibiwa kwa njia nyingine ya kusimulia. Kamba hulazwa sakafuni kuwa maisha ya msimuliaji: ua huwekwa palipo na furaha, jiwe palipo na maumivu. Kisha maisha yote husimuliwa kwa mpangilio tangu kuzaliwa, jiwe likapata mahali pake kati ya maua.

Tandahimba pa kuanzia papo: afisa ustawi wa jamii, ambaye Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imempa wajibu wa kumlinda mtoto, walimu wa ushauri na unasihi shuleni, na simu ya bure namba 116. Kinachohitajika zaidi ni mafunzo na usimamizi wa kudumu, maana semina ya siku mbili haimwandai mtu kusikiliza habari za mauaji kutoka kinywani mwa mtoto. Ratiba nayo ifuate maisha ya huku. Kuanzia Oktoba walezi wengi wako mashambani wakiokota korosho, na kikao cha asubuhi msimu huo kitawakosa. Jioni, au baada ya mavuno, watakuja.