Ushindi ni wa Nani? Tuzo za Besiboli na Mizani ya Majaji

Tuzo ya Cy Young hutolewa kila mwaka kwa mrushaji bora wa kila moja ya ligi kuu mbili za besiboli ya Marekani, nayo hupigiwa kura na waandishi wa habari za mchezo huo. Katika orodha ya washindi zimo takwimu ambazo mashabiki huzisimulia kama vioja. Makala haya yanadai kwamba vioja hivyo havitokani na wachezaji bali na mizani iliyowapima, na kwamba orodha hiyo ni historia ya fikra za majaji kabla ya kuwa historia ya ubora wa warushaji.

Hesabu mbili kongwe ndizo zinazogombana. Ya kwanza ni ushindi: mchezo huandikwa kwa jina la mrushaji aliyekuwa kazini timu yake ilipochukua uongozi usiopotea tena. Ya pili ni wastani wa mikimbio anayoruhusu kwa kila vipindi tisa, ukiondoa ile iliyosababishwa na makosa ya walinzi. Wastani humhusu zaidi yeye mwenyewe. Ushindi hutegemea pia upigaji wa wenzake.

Mwaka 1990, katika ligi ya American, Bob Welch wa Oakland alishinda michezo 27 na kupoteza 6, kwa wastani wa 2.95. Roger Clemens wa Boston alishinda 21, akapoteza 6 vilevile, lakini wastani wake ulikuwa 1.93: pungufu kwa mkimbio mzima. Tuzo ilikwenda kwa Welch, ambaye timu yake ilishinda michezo 103 msimu ule.

Miaka 20 baadaye, Félix Hernández wa Seattle alishinda michezo 13 na kupoteza 12. Wastani wake wa 2.27 ulikuwa bora kuliko wote katika ligi hiyo hiyo, ila timu yake ilipata mikimbio 513 tu katika michezo 162 na kufungwa mara 101. CC Sabathia wa New York alikuwa na ushindi 21 na wastani wa 3.18. Kwa mizani ya 1990, Sabathia angebeba tuzo; waandishi 21 kati ya 28 walimweka Hernández wa kwanza.

Watetezi wa ushindi husema mrushaji shupavu hushinda hata akizungukwa na wenzake dhaifu, na ushahidi wao ni Steve Carlton, aliyeshinda michezo 27 kati ya 59 ya Philadelphia mwaka 1972. Lakini wastani wake wa 1.97 ulikwisha kusema hayo. Na kama ushupavu ungetosha, Nolan Ryan wa Houston asingemaliza msimu wa 1987 na ushindi 8 na vipigo 16, ilhali aliongoza ligi ya National kwa wastani, 2.76.

Hata hivyo, si kila kioja ni ugomvi wa vipimo. Mwaka 1999 mameneja na makocha walimpa Rafael Palmeiro wa Texas tuzo ya Gold Glove, ya mlinzi bora wa besi ya kwanza, ingawa alilinda besi hiyo katika michezo 28 tu. Mingi alikuwa akipiga bila kulinda. Alikuwa ameitwaa tuzo hiyo miaka miwili mfululizo. Mcheza kwao hutunzwa, hata siku ambayo hakucheza.

Mizani mpya nayo ina vioja vyake. Blake Snell wa San Diego alitwaa Cy Young mwaka 2023 kwa wastani wa 2.25, huku akiongoza warushaji wote kwa kuwapa wapinzani besi za bure, 99. Majaji wa kesho huenda wakaona hilo halivumiliki. Kwa hiyo anayelinganisha wachezaji wa vizazi tofauti kwa kuhesabu tuzo zao, bila kuuliza kila tuzo ilipimwa kwa nini, anajumlisha vitu visivyo vya aina moja.